Halmashauri, shule na watoto wetu: maswali mnayoniuliza kila siku

Nimekaa kwenye kamati ya shule ya msingi ya serikali kwa miaka sita, na kabla ya hapo nilikuwa mzazi wa kawaida wa kulalamika getini asubuhi na kwenye grupu la wasapu usiku. Maswali haya nimeulizwa mara nyingi mno, sokoni, msibani, kwenye daladala, sasa nimeyakusanya hapa. Nazungumzia Tanzania Bara, shule za serikali zaidi, ila kuna mawili matatu ya binafsi huko chini. Mi si mwanasheria wala sina cheo, ni mzazi aliyezungushwa sana maofisini mpaka njia akazijua.

Hivi shule ni za Wizara ya Elimu au za halmashauri? Maana kila nikienda naambiwa "hilo si letu"

Zote mbili, na hapo ndo wengi tunapopotelea. Wizara ya Elimu inashika sera, mtaala, mitihani kupitia NECTA (Baraza la Mitihani), usajili wa shule, na wale wathibiti ubora ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Lakini shule yenyewe, yaani jengo, choo, dawati, mwalimu mkuu, hela ya chaki, hiyo iko kwa halmashauri chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Msingi imekuwa huko muda mrefu, sekondari zikahamishiwa halmashauri 2009, kwaiyo mtu aliyesoma sekondari miaka ya tisini anakumbuka mambo tofauti na anakubishia mpaka mishipa inamtoka.

Kwa kifupi: kitabu kimekosewa, mtaala haueleweki, hiyo wizara. Choo kimejaa, hiyo halmashauri. Usipeleke choo wizarani utachekwa.

Halafu wathibiti ubora wana ofisi kwenye wilaya ila hawaripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri, wanaripoti wizarani kwao. Hii ni nzuri kwa mzazi, maana wakikagua shule wanaandika ripoti bila kumuogopa mwenye shule. Iulizie kwenye kamati, sijui kwa nini hatuziulizagi.

Nani ni nani pale halmashauri? Mi huwa nawachanganya wote

Chukua mfano paa linavuja darasa la tatu. Unaanza na mwalimu mkuu. Yeye ndo katibu wa kamati ya shule (sekondari inaitwa bodi) na mwenyekiti wa kamati ni mzazi au mwananchi, si mwalimu. Kamati ikishindwa kuna Afisa Elimu Kata, wengine bado wanamwita mratibu. Juu yake yuko Afisa Elimu Awali na Msingi wa halmashauri, na sekondari nao wana wa kwao. Juu ya hao wote yuko mkurugenzi, ambaye anateuliwa na rais, hachaguliwi na mtu, na ndo mwenye kalamu ya hela.

Upande wa pili sasa kuna wale tuliowapigia kura. Diwani wako ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na anaingia Baraza la Madiwani. Baraza lina kamati zake za kudumu, ya elimu kwenye wilaya imeunganishwa na afya na maji, mijini imeunganishwa na uchumi na afya. Hiyo kamati ndo inatakiwa kumuuliza afisa elimu maswali magumu kabla mambo hayajafika kwenye baraza zima. Diwani hawezi kumfukuza mwalimu, hawezi kusaini hundi, ila anaweza kuuliza "ile hela ya paa tuliyopitisha iko wapi" na jibu likaandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari bwana una nguvu kuliko kelele.

Na mkuu wa wilaya (DC) je? Si ndo bosi wa wote?

Mkuu wa wilaya si halmashauri. Yeye ni serikali kuu, anamwakilisha rais pale wilayani. Anaweza kufoka kwenye mkutano wa hadhara na kesho yake mambo yakaenda mbio, tumeona sana, mtu anaomba maikrofoni anamlilia DC mbele ya kamera na anasaidiwa palepale. Sawa. Lakini bajeti ya shule haipitishwi na DC, inapitishwa na baraza, na kamera zikishaondoka unarudi kwa mkurugenzi yuleyule.

Elimu ni bure, sasa mbona naombwa hela kila wiki?

Hili ndo swali namba moja, ngoja nikae vizuri.

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kufuatia waraka wa elimu namba 5 wa 2015. Kilichofutwa ni ada na ile michango ya lazima. Kwanza ilikuwa awali mpaka kidato cha nne, kidato cha tano na sita wakaondolewa ada kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Waraka uliofuata, namba 3 wa 2016, ukafafanua nani afanye nini, na humo mzazi amebaki na sare, madaftari, kalamu, chakula cha mtoto, matibabu. Kwaiyo "bure" haikuwahi kumaanisha mzazi aweke mikono mfukoni kabisa, na mimi binafsi nadhani hapo serikali ilitangaza kwa sauti kubwa ikafafanua kwa sauti ndogo.

Sasa michango. Jamii inaruhusiwa kuchanga kwa hiari, kujenga boma la darasa, kununua mahindi ya uji, hamna shida. Ila hiari ni hiari. Mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani, kusimamishwa mstarini, kunyimwa mtihani wala kuchapwa kwa sababu baba yake hajatoa elfu mbili ya mlinzi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango kabisa, walimu wakaogopa hata kupokea ndoo ya maharage, baadaye ikaeleweka kwamba jamii ikitaka kuchanga ichange kupitia serikali yake ya kijiji au mtaa na mkurugenzi ajue, mwalimu asiwe mkusanyaji.

Kwaiyo ukiombwa hela uliza vitu vitatu tu, kwa upole, usiende na hasira: mkutano gani wa wazazi ulikubali na muhtasari uko wapi, kibali cha mkurugenzi kiko wapi, na risiti natoa wapi. Mwalimu mkuu aliyefuata utaratibu atakutolea hayo makaratasi akiwa amekaa. Asiye nayo ataanza kukwambia habari za uzalendo.

Na hapa nasema upande wetu pia. Kwenye shule yetu tuliitisha mkutano wa wazazi kuhusu chakula, tukajaa benchi nne. Benchi nne shule nzima! Wakakubaliana, wakaandika, na wiki iliyofuata grupu likawaka moto "nani kaamua", watu walewale ambao hawakuja. Mkutano umefanyika, akidi imetimia, muhtasari umesainiwa, unaenda kubishana na nini?

Serikali inaleta shilingi ngapi shuleni kwa kila mtoto?

Ruzuku ya uendeshaji, ile wengi wanaita capitesheni, shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Katika hiyo 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni 25,000, nusu inaenda shuleni nusu vitabu, pamoja na fidia ya ada, 20,000 wa kutwa na 70,000 wa bweni.

Piga hesabu mwenyewe. Shule ya watoto 800 inapata 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, michezo, maji, umeme. Watoto 800! Hata duka la Mangi pale kona linazungusha zaidi ya hiyo. Ndo maana mwalimu mkuu akisema hela haitoshi usikimbilie kusema kala, inawezekana kweli haitoshi, na inawezekana kala, na njia ya kujua ni ubao wa matangazo. Mapokezi na matumizi yanatakiwa yabandikwe. Kama hayapo ulizia kwenye kamati, shule zinatumia mfumo wa kielektroniki kuandika mapato na matumizi, kwaiyo "daftari limepotea" siku hizi si jibu.

Ile posho ya madaraka mnayoisikia, 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi na 250,000 kwa mkuu wa sekondari na afisa elimu kata, hiyo ni yao, haitoki kwenye hela ya chaki, msiwaonee gere.

Tunataka darasa jipya, watoto wako mia na kitu chumba kimoja. Tunamuomba nani?

Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, mnajua wenyewe hali halisi, tusilie hapa.

Cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 lakini bajeti inapikwa miezi mingi nyuma, vipaumbele vinatoka kwenye kijiji au mtaa, vinapanda kata, vinafika halmashauri, na baraza linapitisha mwanzoni mwa mwaka. Mzazi anayekuja Julai kuomba darasa ameshachelewa, anaomba la mwaka kesho. Njooni Oktoba, Novemba, kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, pale ndo mnaweka "darasa" juu ya "ukuta wa ofisi ya kata".

Cha pili, mjue hela imetoka wapi, maana kila fungu lina masharti yake. Kuna mapato ya ndani ya halmashauri, kuna serikali kuu, kuna miradi kama BOOST kwa msingi na SEQUIP kwa sekondari. Yale madarasa 15,000 ya hela za UVIKO-19 ya 2021, 12,000 sekondari na 3,000 shule shikizi (zile ndogo zinazotegemea shule mama), yalipangiwa milioni 20 kila darasa pamoja na madawati, na yalijengwa na mafundi wa palepale, kamati za wananchi zikisimamia. Utaratibu huo ndo unaotumika sehemu nyingi mpaka leo, mnaundiwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ukichaguliwa kwenye ya mapokezi usisaini nondo ambazo hujaziona. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuletewa karatasi nyumbani saa mbili usiku, "saini tu mzee simenti imefika", nikasema basi twende nikaione, tukaenda na tochi, mifuko ilikuwa pungufu. Hakuna aliyefungwa, ila kesho yake mifuko ikatimia. Miujiza.

Na mjiandae, kwa mtaala mpya msingi inakuwa miaka sita, kwaiyo kuna mwaka makundi mawili yatamaliza pamoja, inatajwa 2027, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto mara mbili. Muulizeni diwani wenu leo ana mpango gani, mumuone anavyotoa macho.

Mwalimu amempiga mwanangu mpaka kavimba. Naambiwa viboko vinaruhusiwa

Vinaruhusiwa kwa masharti, na masharti hayo karibu hakuna anayeyafuata. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, vya mkononi au makalioni, anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na adhabu iandikwe kwenye kitabu pamoja na kosa. Kwaiyo mwalimu wa zamu kuchapa darasa zima kwa bomba la maji kwa sababu wamechelewa, hiyo si kanuni, ni hasira zake.

Kama kavimba peleka mtoto hospitali kwanza, omba alama za kipigo ziandikwe, piga picha uzihifadhi (usizirushe kwenye magrupu jamani, huyo mtoto kesho anarudi darasani na kila mtu kashaona makalio yake). Halafu mwalimu mkuu, na ukiona anamlinda mwenzake nenda kwa afisa elimu kwa barua. Nidhamu ya walimu wa serikali iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, wana ofisi wilayani. Ukiona ni shambulio kabisa, polisi, usiogope kuambiwa unamharibia mwalimu maisha.

Barua? Siwezi kupiga simu tu?

Piga, ila simu haina nakala. Andika ukurasa mmoja, tarehe, nini kimetokea, unataka nini. Peleka masjala ya halmashauri na nakala yako, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukirudi baada ya wiki mbili unarudi na muhuri, na mtu wa mapokezi anakuangalia tofauti kabisa, anakwambia "karibu ukae".

Nahisi mtoto wa jirani anafanyiwa kitu kibaya ila sina uhakika. Nikae kimya?

Hapana. Hapa naomba msome taratibu.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na imeipa mamlaka ya serikali ya mtaa, yaani halmashauri, jukumu la kulinda ustawi wa watoto walio kwenye eneo lake. Haikuishia hapo, imesema pia ni wajibu wa mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa kuripoti kwa mamlaka hiyo. Wajibu, si hisani. Na hutakiwi kuwa na ushahidi wa mahakamani, kazi ya kuchunguza si yako, kazi yako ni kusema ulichoona na kusikia.

Unamwambia nani? Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndo mwenye dawati. Kata nyingi hazina afisa wake hapohapo, kwaiyo ukikosa, mtendaji wa mtaa au kijiji, au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Na kuna simu 116, ya bure, ni huduma ya simu kwa mtoto, mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mfundishe mwanao hiyo namba kabla hujamfundisha namba yako ya M-Pesa.

Shuleni kuna mwalimu wa malezi na unasihi, na shule nyingine zimeshaanzisha dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Halafu kuna kamati za MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia kijiji au mtaa, kata, mpaka halmashauri, ambamo anakaa ustawi, polisi, afya, elimu, viongozi wa dini. Uliza ya mtaani kwenu imekaa lini mara ya mwisho. Kwetu tuligundua imo kwenye karatasi tu, wajumbe wawili walishahama na mmoja, Mungu amrehemu, alishafariki.

Kama ni ubakaji au ulawiti, haraka. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kinga, usimwogeshe, nguo alizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha usitumie wa plastiki. Habari za PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, zishughulikiwe huku mtoto anahudumiwa. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wote mahali pamoja, mtoto haelezi kitu kilekile mara nne kwa watu wanne. Na mjomba akija na habari za "tuyamalize kifamilia, mbuzi wawili na godoro", huyo anafuta kesi, na mimi kwa kweli sina lugha nzuri ya kumwambia mtu wa namna hiyo.

Nikiripoti ustawi watachukua watoto wangu?

Watu wanaogopa sana hili kwa sababu ya video za Ulaya. Afisa ustawi wa hapa kwetu kwa kawaida anakuja anaongea, anashauri, anawaita wazazi ofisini. Kumwondoa mtoto nyumbani ni pale ambapo kubaki ni hatari, na hata hapo wanatafuta ndugu kwanza au mlezi wa kuaminika, makao ya watoto ni mwisho wa mstari. Tatizo letu hasa ni kwamba maofisa ni wachache, gari hamna, mafuta hamna, kwaiyo kesi inakaa. Mkitaka kuisumbua halmashauri yenu kwa jambo la maana ulizeni fungu la ustawi kwenye bajeti ni kiasi gani, halafu muweke karibu na fungu la posho za vikao. Mi niliwahi kufanya hivyo na ukumbi ulinyamaza.

Baba wa mtoto hatoi matunzo, kaniblock. Ustawi inaweza kumlazimisha?

Ustawi inamwita, inawakalisha, mnaandikishana makubaliano. Wengi wanaishia hapo na inasaidia. Akikaidi, wa kulazimisha ni mahakama, inayokaa kama mahakama ya watoto, na ustawi wanaandaa ripoti ya hali ya mtoto na ya wazazi. Anayeweza kufungua maombi ni mzazi, mlezi, mtoto mwenyewe au hata afisa ustawi. Akikana mtoto si wake, kipimo cha vinasaba kinaweza kuamriwa. Dada zangu, tunzeni meseji na miamala, hata ile ya elfu tano aliyotuma Idd ya mwaka juzi.

Binti yangu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Anaweza kurudi shule ya serikali?

Ndiyo. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu, kuna waraka wa elimu namba 2 wa 2021, na inahusu wote waliokatiza masomo si wa mimba tu, anapewa nafasi ya kurudi ndani ya miaka miwili. Mwalimu mkuu akikwambia "hatupokei wamama", huo ni utaratibu wake, nenda kwa afisa elimu sekondari. Na aliyempa mimba, sheria ya elimu ilirekebishwa 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kifungo cha miaka 30. Hiyo ndo wanafamilia wengi wanaificha, hasa akiwa mtu wa karibu.

Kuna mama mtaani kafungua "nursery" sebuleni, watoto thelathini. Nani anamsimamia?

Inategemea ni nini hasa. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, maombi yanaanzia kwa afisa ustawi wa halmashauri anayekuja kuangalia vyumba, vyoo, walezi, uzio. Shule ya awali inasajiliwa na Wizara ya Elimu. Mtaani bango ni moja, "Day Care & Nursery", na ndani hakuna cheti hata kimoja. Omba kuona cheti, angalia choo, angalia geti, halafu fika saa nne asubuhi bila taarifa. Saa nne ndo utaujua ukweli, saa mbili asubuhi wote wanatabasamu.

Nikuambie pia kwamba huyo mama huenda ni mlezi mzuri kuliko wale wa vituo vya matajiri vyenye mageti, ameshindwa tu na safari za usajili. Kumripoti afungiwe kesho watoto thelathini wabaki na nani? Msukumeni asajili, mpeni na miezi miwili.

Naweza kumpeleka wa darasa la pili bweni?

Shule nyingi binafsi zilikuwa zinachukua mpaka wa awali. Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa awali mpaka darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum. Shule ikikwambia "sisi tumeruhusiwa" waambie wakuoneshe.

Mtoto haendi shule, anauza mayai stendi. Hiyo nayo ni ya halmashauri?

Ndiyo. Kuandikisha na kuhudhuria ni lazima kisheria na mzazi anaweza kufikishwa mahakamani, watendaji wa kata huwa wanafanya msako kila Januari na Februari, baada ya hapo wanapoa. Mwambie mtendaji, ila mwambie na ustawi, maana mtoto anayeuza mayai mara nyingi ndo analisha nyumba.

Uhamisho?

Unaanza na mwalimu mkuu wa unakotoka, unapata nafasi unakokwenda, afisa elimu anapitisha. Mkoa kwenda mkoa inachukua muda zaidi. Usilipe mtu "kuharakisha".

Mi niko Kenya, haya yananihusu?

Kwenu ni tofauti. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto, ila msingi na sekondari vikabaki serikali ya kitaifa, na TSC yenu ndo inaajiri walimu wakati ya kwetu inashughulika zaidi na utumishi na nidhamu. Kwaiyo MCA (diwani wa kaunti) akikuahidi walimu wa sekondari, anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Zanzibar nao wana wizara yao na sheria yao ya mtoto ya 2011, ukienda na waraka wa TAMISEMI Unguja utaonekana umepotea njia.

Hela ikiliwa halmashauri, nani anaikamata?

CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali, anakagua kila mwaka, ripoti anampa rais mwisho wa Machi, inaingia bungeni Aprili, na ya serikali za mitaa ina kitabu chake peke yake. Kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC, inawaita wakurugenzi wanajieleza. Halmashauri zote 184 zinakaguliwa, tafuta jina la yenu humo ndani usisubiri kusimuliwa na redio. Mi husoma sehemu ya halmashauri yetu tu, inatosha kwa presha yangu.

Kwani mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia baraza la madiwani?

Anaruhusiwa, mikutano ya baraza ni ya wazi, inafanyika kila robo mwaka. Huruhusiwi kuongea, unasikiliza, swali lako unampa diwani wako kabla, limeandikwa, si la kumnong'oneza mlangoni. Tarehe inabandikwa ubao wa halmashauri, ukikosa muulize mtendaji kata. Nenda mapema, chukua kiti cha karibu na spika za mbele, zile za kutolea sauti, maana za nyuma huwa hazisikiki, beba maji, na ikifika ripoti ya elimu usitoke kwenda kununua chapati, hiyo ripoti inapitaga dakika kumi tu.